Kabla Fundi Hajaipasua Radiogramu ya Mzee

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Kazi zilinibana, halafu likazuka jambo la nyumbani ambalo nilidhani ni dogo. Leo sitazungumzia programu wala simu mpya. Nataka tuzungumzie meza. Ndiyo, meza: kile kitu tunachowekea redio, amplifaya, mashine ya santuri na spika. Mkinivumilia mtaona kwamba meza nayo ina historia yake, na asiyeijua anaweza kupoteza pesa kama nilivyopoteza zangu.

Simu kutoka Kajiado

Mama yangu anaishi Kajiado mjini, mimi nimepanga Kitengela. Jumamosi moja alinipigia simu akaniambia amepata fundi seremala wa kuigeuza radiogramu ya marehemu Mzee iwe meza ya televisheni. Fundi angetoa vyuma vyote vya ndani, abaki na kasha la mbao, atie rafu mbili na kulipiga vanishi upya. Mama hakuwa na nia mbaya. Redio ile ilinyamaza nikiwa bado shule ya msingi, na inakula nusu ya ukuta wa sebule.

Kwa wasioijua, radiogramu ni kabati refu lenye miguu, ambalo ndani yake mna redio, mashine ya santuri, amplifaya na spika, vyote pamoja. Mzee aliinunua ikiwa tayari imetumika, na wageni wakija alikuwa akifungua kifuniko chake polepole kama mtu anayefungua Biblia.

Nilimwomba Mama anipe mwezi mmoja. Akaniuliza, "Mwezi wa nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu la maana. Nikasema nataka kwanza nichukue santuri.

Reki ya seva sebuleni

Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa na tatizo langu mwenyewe. Nilikuwa nimenunua mashine ya santuri ya mtumba, amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa. Vyote hivyo viwekwe wapi? Mtu wa kompyuta hana haja ya kufikiri sana: reki ya seva. Ofisi moja ilikuwa inauza vyombo vyake vya zamani, nikapata kabati la chuma kwa bei ya kutupa. Tuliipandisha ngazi watu wanne hadi ghorofa ya tatu. Amplifaya nikaiweka rafu ya katikati, mashine ya santuri juu kabisa, na spika moja kila upande wake, juu ya reki hiyo hiyo. Nikapiga picha nikawatumia marafiki. Ilipendeza kweli kweli.

Kisha nikaweka santuri. Kwa sauti ya chini mambo yalikuwa shwari. Nilipoongeza, besi ikaanza kunguruma yenyewe, huuuuu, kama lori la saruji linalopanda mlima. Nilipoongeza tena kidogo, sindano iliruka. Nikadhani amplifaya ni mbovu. Nikabadilisha nyaya. Nikanunua sindano mpya. Pesa zikaenda na ngurumo ikabaki.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, nikianza na reki yenyewe. Reki ya upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6, haikuzaliwa kwenye kompyuta. Ilianza katika mitambo ya simu ya kampuni ya AT&T huko Marekani, mapema miaka ya 1920. Walikuwa na vifaa vingi vya kufunga pamoja, wakataka vibane nafasi ndogo na fundi aweze kuzifikia nyaya. Ule urefu tunaouita U moja, milimita 44.45, unatoka katika ukoo huo huo. Ni kazi nzuri, imetufaa kwa miaka 100. Lakini kati ya waliobuni reki ile hakuna aliyekuwa akiwaza sindano ya santuri.

Hata seva zenyewe hazipendi kutikiswa, kama tunavyodhani. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alijirekodi akizipigia kelele diski kwa mdomo wake, na kipimo kikaonyesha zikichelewa kujibu. Kelele ni mtetemo, na mtetemo huingia popote penye chuma cha kuupokea.

Zamani sanduku lilijitegemea

Turudi nyuma. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikaenea pwani nzima na hata bara. Zilichezwa kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Je, gramafoni ilihitaji meza ya aina gani? Meza yoyote. Mkeka pia ungefaa. Sababu ni kwamba kichwa chake chenye sindano kiliilalia santuri kwa uzito mkubwa, gramu 100 na zaidi. Kitu kizito hivyo hakiruki ovyo. Tena hapakuwa na umeme wa kukuza sauti. Sindano ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa hewa, basi.

Mwaka huo huo wa 1928 matangazo ya redio yalianza Nairobi, kwanza kwa ajili ya walowezi. Redio za wakati huo zilitumia valvu za kioo zinazopata moto, na zilikuwa kubwa. Kwa watu wasio na stima hazikuwa na maana. Mwaka 1949 huko Lusaka kulitoka redio ndogo ya betri iliyofungwa ndani ya kasha la alumini lililokusudiwa kuwa sufuria, likapakwa rangi ya buluu. Iliuzwa kwa pauni 5. Redio ya sufuria nayo haikuwa na shida na meza: iliwekwa dirishani, juu ya kigoda, popote.

Angalieni jambo moja hapa. Kila chombo kilikuja na mahitaji yake. Swali la meza lina majibu mengi kwa sababu linategemea ni nini kinachosoma muziki.

Radiogramu na siri yake

Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilileta santuri ya LP, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta ile ndogo ya mizunguko 45. Mifereji ikawa myembamba sana, takriban sehemu moja ya ishirini ya milimita. Uzito wa sindano ukazidi kushuka, na siku hizi mashine nzuri huilalia santuri kwa gramu 2 hivi. Nairobi ikawa na kiwanda chake cha kubonyeza santuri tangu miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 na 1970 benga na rumba zilitoka kwenye vipande hivyo vya mizunguko 45 kwa wingi ajabu. Shirati Jazz, Super Mazembe, Les Wanyika, wote waliingia majumbani kwa njia hiyo.

Sasa wabunifu wa radiogramu walikabili tatizo gumu. Sindano ni nyepesi, inasikia kila kitu. Spika iko ndani ya sanduku hilo hilo, inalitikisa. Spika inatikisa mbao, mbao zinatikisa mashine ya santuri, sindano inasoma mtikisiko huo kana kwamba ni muziki, amplifaya inaukuza, spika inautoa ukiwa mkubwa zaidi, na mambo yanaanza upya. Waandishi wa programu mnalijua jambo hili: ni kitanzi kisicho na mwisho, na kila mzunguko namba inaongezeka. Ile huuuuu yangu ya Kitengela ndiyo hiyo.

Walilitatuaje? Kwa springi. Mashine ya santuri ndani ya radiogramu haikupigiliwa misumari kwenye mbao. Ilining'inizwa juu ya springi laini, pengine na mipira, ili sanduku litikisike bila mashine kutikisika. Wakati wa kusafirisha, mashine ilifungwa kwa skrubu maalum isije ikarukaruka, na mnunuzi alitakiwa kuzilegeza akifika nyumbani.

Ulaya walikuwa na sakafu nyingine

Kuanzia miaka ya 1950 wapenzi wa sauti Marekani na Uingereza waliacha radiogramu wakaanza kununua vyombo kimoja kimoja: mashine ya santuri peke yake, amplifaya peke yake, spika peke yake. Hapo ndipo haja ya meza na reki za muziki ilipozaliwa, kwa sababu sanduku lililokuwa likivishika vyote lilikuwa limeondoka. Mwaka 1961 kampuni ya Acoustic Research, ya Edgar Villchur, ilitoa mashine ya santuri ambayo ndani yake sahani na mkono vimefungwa kwenye kipande kimoja cha chuma kinachoelea juu ya springi tatu. Mapema miaka ya 1970 Linn ya Scotland ilifuata njia hiyo hiyo kwa mashine yake ya LP12, na ikashikilia kwamba pale santuri inaposomwa ndipo pa kuwekea pesa kwanza.

Ushauri mwingi tunaousoma leo kuhusu meza za muziki unatoka kwa watu hao: tumia meza nyepesi na ngumu, yenye miguu ya ncha kali kama misumari, au pigilia rafu ukutani. Niliusoma nikakaribia kuagiza meza ya namna hiyo kutoka ng'ambo. Kisha nikajiuliza, kwa nini ukutani? Jibu ni sakafu. Nyumba nyingi za zamani za Uingereza zina sakafu ya mbao zilizolazwa juu ya boriti, chini kuna uwazi. Mtu mzito akipita, sakafu inabonyea na sindano inaruka. Ncha kali nazo zilitakiwa kupenya zulia zifike kwenye mbao.

Sasa nitazame sakafu yangu. Ni zege. Nikiruka juu yake majirani wa chini watalalamika, lakini haibonyei kama ubao. Ushauri ule ulikuwa sahihi kabisa, ila ulikuwa jibu la swali la nyumba nyingine. Kwangu sakafu haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa spika na sindano kulala kitanda kimoja.

Wolyuniti

Basi kwa nini niliziweka pamoja bila kufikiri? Nadhani ni kwa sababu nimekulia mbele ya wolyuniti. Mnaijua: lile kabati la ukuta mzima, televisheni katikati, vyumba viwili vya spika kila upande, glasi za wageni nyuma ya vioo, na kitambaa kilichofumwa juu ya kila kitu. Katika miaka ya 1980 na 1990 sebule ya mjini isiyokuwa nayo ilionekana kama haijamalizika.

Wengine huicheka wolyuniti siku hizi. Mimi siicheki. Ilikuja wakati wa kaseti, ambayo Philips waliileta mwaka 1963 na ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeifunika santuri katika nyumba zetu. Utepe wa kaseti umebanwa kwenye kichwa cha kusomea, haurukiruki. Baadaye ikaja CD, mwaka 1982, ambayo husomwa kwa mwanga unaojirekebisha wenyewe. Kwa vyombo hivyo hakuna hasara kubwa spika zikikaa jirani. Wolyuniti ilizuia vumbi, ilizuia mikono ya watoto, ilifungwa kwa ufunguo, na ilimpa mwenye nyumba heshima. Kwa wakati wake lilikuwa jibu sahihi.

Lakini ukiitazama vizuri, wolyuniti ni mtoto wa radiogramu. Umbo ni lile lile: kila kitu katika kabati moja, spika zikitazama mbele. Mafundi walichukua sanduku wakaacha springi, kwa sababu kaseti haikuzihitaji. Kwa lugha ya kazi yetu, tulinakili sura ya programu tukaacha msimbo wa ndani. Miaka ikapita, santuri zikarudi katika fasheni, na vijana kama mimi tukaziweka tena kwenye sanduku lisilokuwa na springi.

Nilivyoifungua

Mwisho wa mwezi ulipokaribia nilipanda matatu, nikapitia Isinya hadi Kajiado. Mama alikuwa ameshaita fundi aje apime. Nikamwomba fundi tuifungue pamoja kabla hajakata chochote, naye akakubali, akatoa bisibisi yake.

Tuliinua ubao wenye mashine ya santuri. Vumbi, mijusi wawili waliokauka, na chini yake springi. Zilikuwa nne wakati ikitoka kiwandani. Tulikuta tatu. Pembe ya nne palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwa mara kadhaa na kufungwa kwa waya mwembamba. Skrubu za safari zilikuwa zimelegezwa, kama inavyotakiwa. Sijui kama ni Mzee aliyefanya kazi ile au ni fundi wa redio fulani. Mama alitazama akasema tu, "Alikuwa na baiskeli, kabla hujazaliwa."

Nilibonyeza mashine kwa kidole. Ikashuka, ikapanda, ikatulia taratibu. Fundi naye akabonyeza. Kisha akamwambia Mama, "Mama, hii nikiitoa ndani haitarudi tena. Afadhali televisheni tuipandishe ukutani." Ikawa hivyo. Radiogramu imebaki pale pale, na kitambaa chake juu.

Tahadhari moja kwa wenye redio kama hiyo: msiichomeke kwenye stima kwa pupa baada ya miaka mingi. Kapasita za zamani huharibika, na ndani ya redio za valvu mna volti za kuua mtu. Yetu bado iko kimya ikisubiri fundi anayezijua.

Tyubu na marumaru

Kajiado ni nchi ya marumaru. Jiwe la huko ni chokaa ya kale iliyopikwa ardhini kwa joto na mgandamizo hadi ikawa marumaru, na limechimbwa karibu na mji kwa miaka mingi. Nilinunua kipande kilichobaki baada ya kukatwa, sentimita 50 kwa 40, unene sentimita 2. Piga hesabu: sentimita za ujazo 4,000, na kila moja ina uzito wa gramu 2.7 hivi. Ni karibu kilo 11. Nilijuta nikiibeba hadi stendi.

Kitengela nikanunua tyubu ndogo ya baiskeli ya mtoto. Nikaijaza upepo kidogo tu, nikailaza juu ya reki, jiwe juu yake, mashine ya santuri juu ya jiwe. Spika nikaziteremsha, kila moja juu ya matofali yake, mbali na reki. Kanuni ni rahisi: uzito juu ya kitu laini hukataa mitetemo ya kasi na kupokea ile ya polepole tu. Springi inayobonyea sentimita 1 kwa uzito wake hucheza mara 5 hivi kwa sekunde, na kutoka mara 7 kwenda juu huanza kuzuia. Mkono wa mashine ya santuri una udhaifu wake karibu na mara 10 kwa sekunde, na besi yenyewe huanzia kama mara 30. Kwa hiyo unataka ubonyeo wa kutosha, usiijaze tyubu ikawa ngumu kama jiwe.

Nikaweka sindano juu ya santuri iliyosimama, nikaongeza sauti kiasi, nikagonga reki kwa kifundo cha kidole. Zamani ilikuwa ikijibu "du!" kwenye spika. Sasa nilisikia kitu kidogo sana. Nikacheza moja ya santuri za Mzee, nikaongeza sauti hadi jirani akagonga ukuta. Hakukuwa na huuuuu.

Jambo moja la kuchekesha: mwamba wa volkano ulio chini ya tambarare hizi za Kitengela na Kapiti huitwa fonolaiti. Jina alilipa mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth mwaka 1801, kwa Kigiriki, na maana yake ni jiwe la sauti, kwa kuwa likigongwa hulia kama kengele. Kwa hiyo sisi wa Kitengela tumejenga juu ya jiwe linalolia :-)

Kabla hujanunua

Kwanza jiulize ni nini kinachosoma muziki wako. Kama ni simu au CD, nunua meza inayokupendeza, weka pesa kwenye spika. Kama ni santuri, tenganisha spika na mashine kabla ya kununua chochote; kusogeza ni bure. Pili, ijue sakafu yako, usisome ya Mwingereza. Tatu, tumia pima maji, sahani ilale sawa. Nne, amplifaya ipumue, isifungiwe kwenye kabati wala kufunikwa kwa kitambaa, hata kama kitambaa ni cha mama mkwe.

La mwisho ni hili. Kabla hujaruhusu kitu cha zamani kipasuliwe, kifungue kwanza utazame ndani. Mimi nilikuwa natafuta jibu kwenye kurasa za watu wa mbali, nalo lilikuwa sebuleni kwa Mama, limefungwa kwa waya na kipande cha tyubu.

Haya, tukutane wakati mwingine. Kazi njema.